Mtoto Juu ya Kitanda cha Kahawa

Siku Salesio alipowaona kwa mara ya kwanza, alidhani wamebeba maiti. Mwanamume alitangulia, amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya shuka jeupe pe, na mwanamke alifuata hatua kumi nyuma, sanduku la bati kichwani na godoro mgongoni. Mwanamume alitembea katikati kabisa ya barabara, kama mtu asiyetaka hata jani la kando limguse. Salesio alikuwa nje ya kiwanda cha kahawa akichonga mguu wa kitanda cha waya cha kuanikia mbegu juani. Aliweka panga chini, akavua kofia kwa heshima ya wafiwa. Hapo lile shuka likapiga chafya.

Ilikuwa mwezi wa tisa mwaka wa 1982, bondeni chini ya Kanyakine, wakati kahawa ilikuwa bado inasomesha watoto na kuezeka nyumba mabati. Mgeni aliitwa Ndambiri. Alitoka Embu, upande wa Runyenjes, na kamati ya kiwanda ilikuwa imemwita aje kuosha kahawa msimu mkubwa ukifika. Mkewe aliitwa Wambeti. Aliyekuwa ndani ya shuka alikuwa Runji, mwana wao, na alikuwa amemaliza wiki tano tu duniani.

Kuosha kahawa si kazi ya kila mtu. Kahawa ikishamenywa hulala ndani ya tangi mpaka utelezi wake ulegee, kisha humwagwa kwenye mfereji wa saruji na kusukumwa kwa ubao kinyume cha maji. Mwoshaji hodari huchota konzi moja, akaisugua viganjani karibu na sikio. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza kama changarawe, tayari. Ndambiri alikuwa na sikio la ajabu. Vibarua wengine wakishasema tayari, yeye husema bado, na maji hufunguliwa upya, na watu hurudi nyumbani wakiwa wamechelewa na wakiwa na hasira. Lakini kahawa yake ilitoka nyeupe kama meno ya mtoto.

Wageni walipanga nyumba ya mbao iliyokuwa ng'ambo ya ua wa michongoma wa mama yake Salesio, Ciakuthii. Salesio alikuwa na miaka thelathini na miwili na hakuwa ameoa, jambo ambalo Ciakuthii alimkumbusha kila alipomimina chai. Hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Maneno tu ndiyo yaliyomkwama. Mbele ya watu watatu alikuwa akiangalia viatu vyake, na mbele ya watu kumi alikuwa akitafuta mlango.

Asubuhi iliyofuata Ciakuthii alichukua kibuyu cha uji wa mawele, akajitanda leso, akaenda kumwona mtoto. Salesio alimfuata na mzigo wa kuni. Kwa wazee wa huku mtoto mgeni habarikiwi kwa maneno matupu. Nyanya humfunua kifua, akamnyunyizia mate kidogo, pu, pu, akamtakia mvua na mifugo. Ciakuthii alikuwa amebariki hivyo watoto wa mlima mzima, na wengine sasa walikuwa walimu.

Ndambiri alikuwa akisugua kizingiti kwa sabuni na maji ya moto. Alipomwona mama mzee ameinamia kitanda na midomo imekusanyika, alimnyakua mtoto kama mtu anayemwondoa kwenye njia ya gari.

"Mama, samahani," alisema. "Baraka zako zitamfikia hata ukiwa hapo mlangoni."

"Baraka hairushwi kama jiwe, mwanangu."

"Basi mama, mwombee tu. Mungu anasikia."

"Mungu anasikia," Ciakuthii alisema, "lakini mtoto ndiye aliyekuja bila ngozi ya huku." Akaweka kibuyu chini, akajitanda upya. Wambeti alisimama pembeni, macho chini, shingo imejaa aibu. Ciakuthii alirudi hadi kwenye zizi lake. Ndipo akasema, "Huyo mtu anaogopa. Mwenye kiburi hatetemeki mikono."

Sababu ya kuogopa Salesio aliijua mwezi wa kumi na moja, wakigeuza kahawa juani. Ndambiri alipenda kufanya kazi karibu naye kwa sababu Salesio hakuuliza kitu. Walikuwa wamemaliza vitanda vitatu kimya kimya, Ndambiri akaanza tu, bila kuinua macho.

"Tulikuwa na mwingine. Msichana. Mukami, jina la mama yangu."

Salesio aliendelea kugeuza.

"Unajua siku hizo nani alikuwa wa kuchemsha chemsha? Wambeti. Kijiko anachemsha, nepi anachemsha. Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia, mtoto wa mkulima ni kama kiazi, anakulia ndani ya udongo. Mimi nimekula mchanga, si niko hapa? Mama yangu anakaa chini kule Mbeere, kwa joto. Tukaenda kumsalimia wakati wa kiangazi. Nikamweka Mukami chini, akatambaa na mbuzi, watu wakacheka, mimi nikacheka. Maji yalikuwa ya kisima cha kuchimba mchangani. Akalia kiu. Nilimpa mimi mwenyewe, kwa hiki kiganja." Alikiangalia kiganja kama kitu cha mtu mwingine. "Siku tatu."

"Siku tatu nini?" Salesio aliuliza.

"Siku tatu tu."

Toka hapo mume na mke walikuwa wamebadilishana mahali, kama watu wanaopishana kwenye daraja jembamba. Wambeti aliyekuwa wa kuchemsha alisema kwamba aliyemchemshia amekwenda, na huyu wa pili amemwachia Mungu na ardhi. Ndambiri aliyekuwa wa kucheka sasa alichemsha kila kitu mara mbili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Ndambiri aliona ung'ongo kila mahali: kwenye kucha za wageni, kwenye kwato za mbuzi, kwenye mdomo wa mkewe alipotaka kuonja uji wa mtoto. Kitu kimoja tu ndicho alichokitaka duniani, kwamba huyu asiende kama yule.

Runji alipofika miezi saba alianza kujisukuma kwa tumbo. Jumapili moja baada ya misa Ndambiri alimwita Salesio kando.

"Nitengenezee kitanda," alisema. "Kama vile vya kiwandani. Lakini kiwe na reli."

"Cha kahawa?"

"Cha mtoto."

Salesio alidhani ni mzaha, akatabasamu. Ndambiri hakutabasamu. Basi Salesio akakitengeneza, na kazi ilikuwa nzuri, hata yeye aliona haya kujisifu moyoni. Miguu ya mkaratusi, wavu wa waya, juu yake gunia safi, juu ya gunia mkeka. Pembeni aliweka fito laini alizozipiga msasa mpaka zikawa kama mfupa. Kila mguu ulisimama ndani ya kopo la maji na mafuta ya taa ili siafu wasipande. Kitanda kiliwekwa chini ya paa la baraza, kirefu hatua sita za mtoto, kipana hatua tatu. Hapo juu ndipo Runji alipojifunza kukaa, kisha kusimama, kisha kutembea.

Watu wa huku hawakosi mdomo. Cicily, jirani wa upande wa barabara, mama wa watoto wanane waliokulia kwenye matope kama nguruwe wadogo na wote wazima, alikuwa hapiti bila kusimama.

"Baba Runji! Kahawa yako haijakauka tu?"

Ndambiri alisalimia kwa heshima na kuendelea na kazi yake.

"Na umgeuze, bwana! Ataoza upande mmoja! Kamati ikija kupima utasema hii ni daraja gani?"

Wanawake waliokuwa naye walicheka hadi wakashika magoti. Wambeti naye alicheka, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Salesio alikuwa upande wake wa ua na alisikia yote. Aliendelea kupasua kuni.

Mtoto mwenyewe hakulalamika. Alitembea hatua sita, akageuka bila kutazama, akatembea hatua sita. Alimjua Salesio na kumwita "Tesio". Salesio akija kumsalimia sharti anawe mpaka viwikoni, Ndambiri akimmiminia maji. Siku moja mpira wa matambara aliopewa ulipita kati ya fito ukaanguka uani. Mtoto alishika reli akauangalia kwa utulivu, kama mtu mzima anavyoangalia kofia iliyochukuliwa na mto. Hakunyoosha mkono. Salesio aliuokota, na kabla hajaurudisha Ndambiri alikuwa ameshauchukua kwenda kuuchemsha.

Msimu mkubwa wa 1983 ulifika. Kahawa mbivu huingia kiwandani mchana, na Ndambiri alikuwa akiondoka saa sita na kurudi jioni. Siku moja mvua ilikatiza kazi ya kuanika, Salesio akarudi nyumbani mapema. Alipozunguka zizi aliwakuta.

Wambeti alikuwa amechuchumaa kwenye tundu la ua, mikono imenyooshwa. Runji alikuwa amesimama chini, kwenye matope ya zizi, akiinua mguu mmoja halafu mwingine kama paka aliyekanyaga maji. Ciakuthii alikuwa ameshika titi la ng'ombe, akikamulia ndani ya kikombe cha bati. Alikiinua kikombe, akampa mtoto maziwa yakiwa bado na joto la kiwele, povu likamkaa mtoto puani. Kisha akamfungua kifungo cha shati, akainama, pu, pu. Mtoto akacheka kwa sauti ambayo Salesio hakuwahi kuisikia ikitoka juu ya kile kitanda.

Wambeti aligeuka akamwona.

"Shemeji," alisema, "umeona nini?"

Salesio aliangalia viatu vyake. "Sijaona kitu."

"Huyu tangu nimzae hajaona kitu," Ciakuthii alisema. "Wasichana wote wa Kanyakine wamepita hapa na hajaona kitu." Akamgeukia mtoto. "Kunywa, baba, kunywa."

Wakacheka wote, na hivyo ndivyo jambo lilivyopita.

Ikawa kawaida yao. Kila mchana wa kazi Wambeti alipitisha mtoto kwenye tundu la ua. Runji alikimbiza kuku, alikula udongo wa ukutani, alilala kwenye majani ya ng'ombe. Saa kumi mama yake alimsugua miguu kwa jiwe na sabuni, kucha moja moja, akamvisha nguo kavu, akamrudisha juu. Baba aliporudi alimkuta amesimama kwenye reli, safi kama kahawa yake. Na kwa kweli mtoto alinenepa. Upele uliokuwa mashavuni uliisha. Ndambiri alikuwa akimshika Salesio mkono wakitoka kiwandani.

"Unaona, fundi? Kile kitanda kimemjenga. Mwaka mzima hata mafua hana. Mungu akubariki mikono."

Salesio alisema asante. Kila mara alisema moyoni, kesho nitamwambia. Lakini kesho ilikuwa na watu wengi, au Ndambiri alikuwa amechoka, au alikuwa na furaha, na nani atamnyang'anya furaha mtu ambaye ana hiyo moja tu? Zaidi ya hayo, Ndambiri alikuwa rafiki wa kwanza ambaye Salesio alimpata ukubwani, na rafiki wa namna hiyo mtu hachezi naye.

Homa ilianza mwezi wa kumi mwaka wa 1984. Ilikuja jioni, ikamwacha mtoto amelowa jasho, asubuhi ikapoa. Siku nne kimya, kisha ikarudi. Zahanati ilimpa dawa ya malaria, mara ya kwanza na ya pili. Runji aliacha kula. Halafu alianza kulia akisimama, akishika goti, na mwishowe hakusimama tena. Ndambiri alichemsha hata gunia la kitanda. Alikonda yeye kuliko mtoto. Wambeti aliacha kupita kwenye ua, akawa anaomba kwa sauti akifua, na Salesio alimsikia akisema, "Ni mimi, Bwana, ni mimi," lakini hakujua ni kwa nini hasa. Udongo, alidhani. Waliojua wote walidhani udongo, kama walidhani kitu.

Jumatatu moja walimpeleka Nkubu hospitalini. Salesio alimbeba mtoto kwenye baiskeli, amefungwa mgongoni mwake, Ndambiri na Wambeti wakifuata kwa miguu. Daktari aliyewaona alikuwa mama mnene mwenye miwani, jina lake Gacheri, na chumba chake kilikuwa na pazia tu badala ya mlango, benchi la wagonjwa likiwa pale pale nje. Salesio alisimama kwenye pazia ameshika mfuko wa nguo.

"Baba, niambie," daktari alisema, akikunja na kukunjua goti la mtoto. "Huyu anacheza na mifugo?"

"Hapana, daktari."

"Mbuzi? Ng'ombe wa jirani?"

"Daktari, huyu hajawahi kukanyaga chini."

"Hajawahi nini?"

Ndambiri alieleza kuhusu kitanda. Benchi la nje lilinyamaza ili lisikie vizuri. Mtu mmoja alisema, "Ati kama kahawa?" na mwingine akamnyamazisha.

Daktari alivua miwani. "Na maziwa?"

"Nachemsha mara mbili. Mimi mwenyewe."

"Hakuna siku amekunywa mabichi? Hata kidogo?"

"Hata tone."

Daktari alimwangalia Wambeti. Wambeti aliangalia sakafu.

"Basi mmenifunga mikono," Gacheri alisema. "Kama angekuwa mtoto wa kunywa maziwa mabichi ningejua pa kuanzia. Kuna homa ya ng'ombe, ile inayowafanya watupe mimba, inayokuja na kwenda hivi hivi na kukaa kwenye maungo. Lakini kama ni hivyo mnavyosema, turudi kwa malaria, tuongeze nguvu ya dawa." Akachukua kalamu.

Salesio aliitazama ile kalamu. Alijua kwamba nyumbani kwao yeye na mama yake hunywa maziwa kwenye chai tu, yaliyochemka. Mabichi alipewa mtoto peke yake, kwa upendo. Alijua pia jambo jingine, kwamba ng'ombe wao alitupa mimba mwezi wa sita na Ciakuthii akasema ni kijicho cha jirani. Akisema, mama yake ataonekana mlishaji wa sumu. Wambeti ataonekana mwongo mbele ya benchi zima. Na Ndambiri, basi. Asiposema, kalamu ile itaandika.

"Amekunywa," alisema.

Daktari aligeuka. "Wewe ni nani?"

"Jirani."

"Amekunywa nini?"

"Maziwa. Mabichi. Ya ng'ombe wetu. Kila mchana, karibu mwaka mzima. Na huyo ng'ombe alitupa mimba mwezi wa sita." Alipumua. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu. "Na amekanyaga chini. Anakimbia vizuri sana."

Wambeti alijifunika uso kwa kitambaa, akaanza kulia bila sauti.

Gacheri hakumkemea mtu. Alitoa damu ya mtoto, ikaenda kupimwa, na ilipofika saa tisa jibu lilikuwa limerudi kama alivyodhani. Aliandika dawa za wiki sita. Kisha akawaweka wazazi mbele yake kama wanafunzi.

"Nisikilizeni nyote wawili. Maziwa ni ya kuchemsha, hata ya ng'ombe wa askofu. Maji vilevile. Hapo baba una haki. Lakini mtoto mshushe. Mwili wake lazima ujue dunia kidogo kidogo, kuku, vumbi, watoto wenzake, ama siku akitoka hapo juu atapigwa na kila kitu kwa mara moja. Hapo mama ana haki. Kila mmoja ana nusu, na mmekaa mkivutana kila mtu na nusu yake. Mmenielewa?"

Wambeti aliitikia kwa kichwa. Ndambiri alikuwa kama hasikii.

Nje, kwenye bomba la maji, Ndambiri alinawa mikono hadi viwikoni. Akanawa tena. "Tangu lini?" alimuuliza mkewe.

"Tangu mvua za mwaka jana."

Akamgeukia Salesio. "Na wewe ulijua." Hakuwa anauliza. Alimchukua mtoto, akatembea naye kwa miguu mpaka nyumbani, karibu masaa mawili, na baiskeli ya Salesio ikarudi tupu.

Dawa zilifanya kazi. Kufikia Krismasi homa ilikuwa imekwisha na Runji alikuwa akisimama tena. Ciakuthii alimuuza yule ng'ombe kwa mchinjaji, akaacha kuongea na mwanawe kwa wiki mbili, kisha akaanza tena kwa kumuuliza kama anataka chai au anataka kumpigia daktari simu kwanza. Mtu angetarajia mambo yatulie. Lakini neno la daktari lilikuwa limeingia kwa Ndambiri upande mmoja tu. Alikuwa amesikia kwamba mtoto alipewa ugonjwa kwa mkono wa watu wanaompenda, kama yule wa kwanza alivyopewa kwa mkono wake. Alinunua fito na misumari, akaongeza reli mpaka ikafika shingoni mwa mtu mzima. Hakumwita Salesio. Aliigonga mwenyewe, vibaya, misumari imepinda. Akaweka mlango mdogo, na kwenye mlango kufuli, na ufunguo akaenda nao kiwandani.

Cicily alipita, akaangalia, akaendelea na njia yake. Hakuna aliyefanya mzaha tena.

Sasa Runji alikuwa na miaka miwili na nusu na alikuwa anajua kuna nini chini. Hakutembea hatua sita na kugeuka. Alishika fito na kuita. Aliita kuku, aliita "Tesio", aliita mama yake, ambaye alikuwa amesimama hapo hapo upande wa pili akimlisha kati ya fito. Salesio alisikia siku tatu. Siku ya nne alikwenda kiwandani, kwenye mfereji, akasimama karibu na Ndambiri.

"Baba Runji, yule mtoto analia."

"Mtoto anayelia ni mzima," Ndambiri alisema, akasukuma kahawa. Hayo tu. Hakumpa hata macho.

Mwisho wa mwezi wa kwanza akaja Kivuti, kaka yake Wambeti, kutoka Embu. Alikuwa mtu mfupi, fundi wa malori, mikono imejaa grisi isiyotoka. Ilikuwa mchana. Alizunguka kitanda mara moja, akamwona mpwa wake, akavuta pumzi ndefu. Kisha akaja kwenye ua.

"Ni wewe uliyejenga hii kitu?"

"Ni mimi," Salesio alisema. "Si ile ya juu. Ya chini."

"Mimi nikiivunja watasema nimevunja nyumba ya shemeji yangu. Wewe ni fundi wake. Njoo uifungue."

Ciakuthii alikuwa mlangoni. Alisogea kando ili mwanawe apite. Salesio aliingia ndani akachukua nyundo. Misumari ya Ndambiri, kwa vile ilipinda, ilikataa, na ilimbidi aing'oe mmoja mmoja huku mtoto akimshika vidole kupitia katikati. Fito ya nne ilipotoka, Runji alijipenyeza mwenyewe, akaning'inia, akaanguka uani kwa matako. Akaangalia huku na huku kama amekosea njia. Wambeti alikuwa ameshafunga nguo zao kwenye shuka.

"Mwambie nimekwenda kwa mama," alimwambia Salesio. "Mwambie sikutoroka, nimepita barabarani mchana. Akitaka kuja, aje kama baba. Sabuni zake aziache hapa."

Jioni Ndambiri alirudi. Salesio alikuwa amemngoja kwenye kizingiti kile kilichosuguliwa, amekaa na nyundo magotini, ili asipate nafasi ya kutafuta mlango. Alimweleza yote, na kwamba misumari aliing'oa yeye. Ndambiri alimsikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akafunga. Tangu siku hiyo hakumwambia Salesio hata neno la salamu, misimu miwili. Wakikutana kwenye vitanda vya kiwanda, mmoja alianza upande wa juu na mwingine upande wa chini, na walipokaribiana mmoja alikwenda kunywa maji. Kahawa aliosha kama zamani. Kila mwisho wa mwezi alikwenda Embu na kurudi siku ya pili. Watu walisema anafika hadi lango la wakwe, anamwona mtoto akicheza, anaita jina lake, na mtoto akimkimbilia na mikono yenye vumbi anarudi nyuma hatua moja kabla hajajikaza. Ile hatua moja, walisema, ndiyo Wambeti aliyokuwa akiiangalia.

Mwezi wa pili mwaka wa 1986 Ndambiri aliaga kiwandani. Asubuhi hiyo Salesio alimwona akitoka na sanduku la bati begani, godoro limemshinda, linaburura chini. Alipita kwenye tundu la ua, akashika upande wa godoro bila kuomba ruhusa. Ndambiri hakumzuia. Walitembea hadi barabara kuu hivyo, mmoja mbele mmoja nyuma.

Pale kwenye kona waliweka mzigo chini. Salesio alikusanya ujasiri.

"Amekubali?"

Ndambiri alikuwa akiangalia upande wa Nkubu, gari linakotokea. "Amesema nijaribu mwezi mmoja. Mtoto anachunga mbuzi na binamu zake. Anakula mahindi ya kuchoma yakishaanguka. Nimwache." Alisugua viganja vyake pamoja, polepole, karibu na kifua. "Alikuwa na kidonda mguuni mwezi uliopita. Kilipona chenyewe. Nilikiangalia siku mbili sikukigusa."

"Utaweza?"

"Sijui. Usiku mimi bado namwona yule mwingine."

Gari lilionekana juu ya kilima. Salesio aliinua sanduku. Alitaka kusema samahani, na alijua kwamba samahani ilikuwa mbili, moja ya kunyamaza na moja ya kusema, na hakujua aanze na ipi. Utingo akachukua godoro, akalitupa juu. Ndambiri alipanda, akakaa karibu na dirisha, na gari lilipoanza kusogea alitoa kichwa nje.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza ningekupiga, Salesio," alisema. "Lakini heri ungeniambia."